Safari ya Paje Iliyokwama kwa Sufiani

Jumapili, 3 Agosti 2014

Sufiani amerudi kutoka Zanzibar. Mtu kaenda harusi ya dada yake, karudi shujaa! Tunduma nzima leo haina habari nyingine.

Chanzo ni picha. Ameikuza, ameitia fremu, ameitundika ofisini kwake pale palipokuwa na kalenda. Yeye huyo, hewani, juu ya bahari ya Paje, ananing'inia kwenye tiara kubwa kama paa la banda, ubao miguuni, meno yote nje. Anasema huo ni mchezo, wazungu wanatoka kwao kuja kuucheza. Upepo unavuta tiara, tiara inakuvuta wewe, wewe unateleza juu ya maji. Nilimwuliza kama haoni aibu, mtu mzima. Akacheka, akanipa tende.

Ofisi zetu zinatazamana. Sote ni mawakala wa forodha, sote tunahangaikia karatasi za malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Tofauti ni kwamba wateja wake wanampenda. Sijui amewapa nini.

Lakini hilo ningelimeza. Kilichonikata maini ni Atupele. Mchumba wangu Atupele, mwenye duka la fotokopi na intaneti, aliingia mle kuchukua hati za kudurufu, akasimama mbele ya picha. Akasimama. Akaendelea kusimama! Najua Sufiani ana mke, Bushra, na watoto wawili, na anawapenda mpaka anaboa. Lakini macho ya Atupele yalikuwa kwenye ile picha, hayakuwa kwangu.

Akaniuliza kama mimi ningeweza kitu kama kile. Mdomo wangu haukungoja ruhusa. Nikasema hicho nilishakicheza zamani, Samfya kule Zambia, kwenye ziwa, mpaka kikanichosha. Atupele akapiga makofi. Akasema basi tukioana twende Paje, nimfundishe.

Mungu wangu. Hata kuogelea sijui.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepanga. Mwanaume ni mpango.

Jumamosi hii mjomba Yonasi, mshenga wangu, anapeleka barua ya posa Itumba kwa wazazi wa Atupele. Harusi ikipita tunapanda treni hapa Tunduma mpaka Dar, Dar tunapanda boti, kisha Paje. Nitashuka ufukweni na miwani myeusi. Nitapaa juu kumshinda Sufiani. Nitapiga picha, nitaikuza, itakuwa kubwa mara mbili ya ile yake. Nimeshapima ukuta wa ofisi. Itabidi nitoe kabati.

Kilichobaki ni kujifunza, tena kimyakimya, kabla ya kwenda. Bahari hatuna. Upepo tunao! Mwezi huu upepo wa Tunduma unakunywa chai na wewe, vumbi nusu kikombe. Kama bahari ni upepo na utelezi, nusu ya bahari ninayo hapa nje.

Niliomba Atupele aniachie kompyuta moja ya dukani. Nilisema nasoma bei za mbolea. Nimesoma kwamba zipo namna mbili: ya tiara, na nyingine ya ubao wenye tanga. Ya tanga unasimama tu umeshika mlingoti. Ya tiara unaruka. Sufiani aliruka. Basi, ya tiara.

Mchana amepita kwenye kibaraza changu amevaa fulana imeandikwa PAJE kifuani. Hakuwa na shida yoyote upande huu wa barabara. Alipita tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeipata!

Nilivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kwenye soko la salaula, pale wanapofungua mabalo ya mitumba. Kwa Mama Bwalya, chini ya mapazia, nikaona kitambaa cha machungwa na bluu, chepesi, kipana, kina kamba nyingi nyembamba. Nikakivuta chote nje. Mama Bwalya akasema hicho ni chandarua cha wazungu wanene. Nikasema kwa Kibemba changu kibovu kwamba ninakitaka hivyo hivyo, natotela, yaani asante sana, mama. Akacheka, akanifungia.

Tatizo likawa kurudi nacho. Kukiandikia karatasi ni kukitaja, na nikikitaja jina, Sufiani atajua kabla jua halijazama. Pale mpakani karatasi zote zinapita machoni pake. Nikafanya wanavyofanya wote wenye mzigo wa siri. Nikamtafuta bibi mmoja wa kuvusha. Alikifunga mgongoni kwa chitenge kama mtoto. Askari akamwuliza mtoto anaitwa nani. Bibi akasema anaitwa Given. Askari akasema kalala vizuri, akampisha.

Mimi, wakala wa forodha mwenye leseni ukutani. Lakini huu ni mwaka wa mapambano.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi ya kwanza, kwenye uwanja nyuma ya maegesho ya malori. Nilitengeneza ubao wa mbao ya kasha la zamani, chini nikatia beringi za magurudumu, ili uteleze kwenye lami na udongo mgumu. Kamba za tiara nikazifunga kwenye mkanda wangu wa suruali.

Upepo ukaja. Tiara ikajaa. Mimi na mkanda na suruali tukaondoka. Ubao ukabaki.

Nilisimamishwa na lundo la pumba kwenye mashine ya kusaga. Wanawake waliokuwa pale wakaniuliza natafuta nini. Nikasema nakagua pumba. Suruali imechanika kuanzia makalioni mpaka gotini.

Jioni Atupele akauliza mbona nachechemea. Nikasema kidonda cha Samfya, huwa kinajirudia. Akanikanda kwa maji ya moto na kusema anavyongoja safari. Ameshamwambia dada yake Nesta. Ameshamwambia mama yake kule Itumba kwamba mkwe wake anaruka juu ya maji. Mama akasema wamwombee.

Nilijisikia vibaya kwa muda. Halafu nikakumbuka fulana ya PAJE.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimegundua kosa. Nilikuwa sina nanga. Mtu hawezi kujifunza kuruka huku anachukuliwa. Lazima ajifunge kwenye kitu kisichosogea, aizoee tiara akiwa mahali pamoja, ndipo baadaye ajiachie.

Na Tunduma kuna kitu gani kisichosogea? Jamani! Foleni ya malori!

Nimechagua lori langu. Lina mbolea ya Kongo, limesimama barabarani karibu na geti tangu sijui lini. Dereva amefua, kaanika shati na soksi kwenye kamba kutoka kioo cha kushoto mpaka cha kulia. Chini ya tela kuna jiko na sufuria ya ugali. Kuku wa mtu ameanza kutagia nyuma ya tairi. Lori la namna hiyo ni nyumba.

Kesho ni Nanenane, sikukuu, kazi zitakuwa za kusuasua. Nitajifunga kwa ule mkanda mpana wa kufungia mizigo, unaokazwa kwa kikazio cha chuma. Haukatiki huo. Nimewaza kila kitu.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi nilijifunga nyuma ya lori, kwenye ndoano ya tela. Nikapanda ubao wangu wa beringi. Nikaiachia tiara. Ikapanda! Safari hii ikapanda vizuri, rangi ya machungwa juu ya malori yote, na mimi chini nimesimama imara, sivutwi popote. Watu wakaanza kukusanyika, maana ni sikukuu na hawana pa kwenda. Atupele akafunga duka akaja. Nilimwona amejishika mdomo. Nikamfikiria Sufiani. Nikajiambia, leo.

Ndipo foleni ikasogea.

Sijui nieleze vipi. Foleni ambayo haisogei kwa maombi, haisogei kwa matusi, ikasogea. Dereva alikuja mbio, akavuta shati na soksi, akatupa jiko ndani, akawasha. Nilipiga kelele. Redio yake ilikuwa juu. Watu walipiga kelele. Akawapungia mkono, nadhani alifikiri ni shangwe za Nanenane.

Kikazio cha ule mkanda, ukikivuta, kinazidi kukaza. Nilikuwa nimeisahau sifa hiyo.

Nikaburuzwa mbele ya Tunduma nzima. Mbele kamba ya lori, juu tiara, chini beringi zikilia kama mbuzi wa kuchinjwa. Nilipita ofisi yangu. Nilipita duka la mjomba Yonasi, akavua kofia. Nilipita mlangoni kwa Sufiani, akatoka na kalamu sikioni. Kwenye geti askari alitazama lori, akaandika namba, akanitazama mimi, akakuna kichwa, akatazama karatasi yake tena, akaniacha nipite. Na niseme kweli: kipande cha mteremko kati ya geti letu na la Zambia, niliteleza. Niliteleza kwelikweli! Sekunde chache niliinuliwa, miguu haikugusa chini, na nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia.

Halafu tiara ikakamata mkaratusi wa Nakonde. Lori likaenda huku, mti ukabaki kule, mimi katikati. Mkono huu wa kulia ndio uliolipa. Nashukuru mti ndio uliokubali kwanza, tawi likakatika.

Afisa wa Zambia akauliza huyu ni mzigo au abiria. Dereva akaapa hanijui. Afisa akasoma karatasi za lori mwanzo mpaka mwisho. Kulikuwa na mbolea. Mimi sikuwemo. Kama si mzigo, pasipoti iko wapi? Kama ni mzigo, umetangazwa wapi? Kisha akaikunjua tiara, akaona bei ya Mama Bwalya imeandikwa kwa kwacha, akauliza imetokaje Zambia, imerudije Zambia. Nikakumbuka Given.

Wakasema aje wakala wa lori.

Wakala wa lori ni Sufiani. Ndiye aliyemaliza karatasi zake jana mpaka likaruhusiwa kuondoka! Alikuja kwa miguu, sikukuu, amebeba faili, viatu vyangu na chapati za Bushra. Akakaa mle mpaka alasiri akiwabembeleza. Akaandika kwamba mimi ni hitilafu iliyotokea wakati wa kusafirisha. Akatia sahihi. Wakanirudisha kwake kama mzigo uliozidi.

Njiani alinipa chapati. Nikala kwa mkono wa kushoto. Sikusema kitu. Ningesemaje, na mdomo umejaa?

Jumamosi, 9 Agosti

Mjomba Yonasi hakwenda Itumba. Atupele alimpigia simu alfajiri akamwomba asubiri.

Akaja mwenyewe. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akauliza Samfya nilikwenda lini. Nikatazama dari. Akauliza tena, polepole. Nikasema Samfya naisikia redioni.

Nilidhani ataondoka. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Akasema ile picha aliitazama sana kwa sababu nyuma ya Sufiani, kule mbali, kuna mwanamke mweusi kama yeye anateleza peke yake, hajashikwa na mtu. Akawaza kumbe inawezekana. Basi. Kumtazama Sufiani mwenyewe, hata hakumtazama sawasawa.

Halafu akaniambia ukweli wa picha. Sufiani alimweleza jana. Ile siku upepo ulimnyakua mara moja tu, mwenye kamera akabahatika, kisha akaanguka, akanywa bahari, akapandishwa ufukweni kwa kushikwa makwapa. Yale meno nje si kicheko, ni ukelele! Hataki kuiona tiara maisha yake yote. Na nafasi mbili za mafunzo, alizokuwa amejilipia yeye na kaka yake, bado zipo Paje, hazijatumika. Ametupatia sisi. Zawadi ya harusi. Tukifika tutaje tu jina lake.

Nikasema ni ajabu.

Atupele akasema ana sharti moja tu. Uongo amenisamehe, kuburuzwa amenisamehe, hata aibu ya mbele ya wanakwaya wenzake amenisamehe. Anataka nimwambie Sufiani asante. Kwa mdomo wangu, yeye akisikia. Mtu kaacha sikukuu na watoto wake kwenda kunitoa Nakonde, nami sikusema hata neno moja. Anasema mume asiyeweza kusema neno hilo hamtaki nyumbani kwake. Nikilisema, mjomba Yonasi aende Itumba Jumamosi ijayo.

Neno moja! Nikasema hata sasa hivi. Akasema Sufiani kampeleka mtoto kliniki.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Asante, Sufiani. Linatoka vizuri nikikiambia kioo.

Nikamwambia kuku asante. Nikamwambia muuza maji asante, akauliza naumwa nini. Hakuna shida kabisa na neno hilo. Shida ni pua ya Sufiani, jinsi itakavyopanuka akilisikia.

Nikajaribu kwa simu. Niliandika asante nikafuta. Niliandika asnt nikafuta. Nikaandika kwamba leo kuna baridi. Akajibu nijifunike vizuri, mkono usiingie ubaridi. Unaona mtu alivyo?

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeshindwa, lakini si kosa langu.

Tulikwenda na Atupele. Nilikuwa tayari, neno liko kwenye ulimi. Sufiani akainuka, akatuwekea viti, akamimina chai. Nikakohoa. Nikasema Sufiani. Akainua mkono. Akasema hakuna haja, ndugu yangu, wewe kwangu ni mdogo wangu.

Mdogo wangu!

Nimemzidi miezi mitatu! Tunduma nzima inajua! Damu ikanipanda. Nikasikia mdomo wangu ukisema zawadi abaki nayo, mimi nimealikwa Afrika Kusini, kwenye bahari kubwa, ambako tiara hazipewi watu wanaopiga ukelele hewani. Nikasema na chapati zilikuwa na chumvi nyingi.

Sufiani akaweka birika chini, taratibu, akasema chai inapoa. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amenihurumia, na hilo ndilo nisilolisahau.

Atupele akachukua mkoba wake, akamwomba Sufiani radhi kwa niaba yangu, akatoka. Hakunisubiri mlangoni.

Alhamisi, 14 Agosti

Atupele hapokei simu. Dukani kwake nimetuma hati mbili zidurufiwe ambazo sizihitaji. Zimerudi zimedurufiwa, safi, hakuna hata salamu.

Mjomba Yonasi amekuja. Amesema kaposa kwa niaba ya vijana wengi, walevi wamo, mwizi wa ng'ombe mmoja yumo, na wote waliweza kusema asante. Amesema Atupele anaondoka Jumamosi na dada yake Nesta kwenda Paje kwa zile nafasi mbili. Ila kamwambia kwamba kama nitafika stesheni na nitalisema, Nesta atashuka, mimi nitapanda. Mjomba akanishika bega lililo zima. Akaniomba. Mzee yule, ameniomba!

Nimepanga begi. Nimetia kaptura, taulo, mafuta ya nazi. Nitasema.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilifika mapema, na begi. Nimevaa shati jeupe. Atupele alikuwa ameshakaa dirishani, kajifunga kilemba cha njano, mzuri mpaka nikasahau mkono. Nesta kasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akinitazama kama mtu anayengoja kuambiwa. Na Sufiani alikuwepo. Yeye ndiye aliyewabebea mizigo.

Atupele akaniambia kwa upole, hata sasa, Kasiani, hajachelewa mtu. Akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Nilijua hapo kwamba ananipenda. Nilijua kabisa.

Nikamgeukia Sufiani. Nikavuta pumzi. Honi ikapigwa. Nesta akauliza vipi, ashuke? Nikafungua mdomo.

Na yeye kavaa ile fulana. Kumbe si moja! Ile ya mwanzo ilikuwa nyeupe, hii ya bluu. Ana mbili!

Nikasikia sauti yangu ikimwuliza fulana hizo alinunua ngapi.

Nesta akaingiza mguu wa pili. Treni ikaondoka. Atupele hakulia wala hakunipungia. Alikaa akitazama mbele, kule iendako. Nilikimbia pembeni hadi jukwaa likaisha, na huko mwishoni nililisema, asante, asante, nililisema hata mara ngapi sijui, lakini hapakuwa na mtu ila mama mmoja muuza karanga. Akasema karibu.

Ijumaa, 22 Agosti

Picha imefika kwenye simu ya mjomba Yonasi, si yangu. Atupele juu ya maji. Kasimama mwenyewe kwenye ubao, tiara nyekundu juu yake, hakuna aliyemshika. Anacheka, na hicho ni kicheko cha kweli. Ameandika kwamba siku ya pili tu alisimama, na mwalimu wake ni yule mwanamke wa kwenye picha. Wamempa kazi ya kupokea wageni hapo hapo, atakaa. Duka atalisimamia Nesta. Chini kabisa ameandika mjomba asihangaike tena kwenda Itumba.

Nililia. Siandiki uongo humu ndani. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia kama mtoto, mlango nimeufunga.

Akabisha. Sufiani. Sikufungua, akaingia kwa nyuma. Hakuuliza kitu. Hakusema pole. Akaweka chini hotipoti ya Bushra, akavuta kiti, akakaa nami mpaka giza likaingia. Mteja wake mmoja alimpigia simu, akaizima. Ile picha yake ya Paje ameitoa ukutani, niliona nilipochungulia dirishani. Ameitoa ili isiniumize. Amerudisha kalenda.

Nilipomaliza kula aliosha vyombo. Akanifungia upya bandeji ya mkono, akasema kesho nipumzike, malori yangu atayashughulikia yeye. Akaniaga, akaenda kwa watoto wake.

Nimekaa nikiwaza. Mtu hawezi kuwa mwema kiasi hiki bure. Hawezi! Wiki ijayo mji mzima utajua kwamba alikuja, alikaa, aliosha vyombo, na kila mtu atasema hakuna mwenye roho nzuri Tunduma kama Sufiani. Na mimi je? Mimi niko wapi kwenye habari hiyo? Mimi ni yule aliyeoshewa vyombo!

Hapana. Nimeshapanga. Kuanzia Jumatatu nitakuwa na roho nzuri kuliko yeye. Nitaanzia barabarani, pale karibu na geti, watu wakiwa wengi, na nitahakikisha anaona.